Tuko watano, tunataka kuvua bahari kuu bila kufilisika. Boti gani, tutokee wapi?

#1 Kijana wa Tabata

Wakuu salaam.

Tuko watano hapa ofisini, wote wagonjwa wa mshipi. Mpaka leo tumeishia kuvua vichangu vya saizi ya kiganja kule Kunduchi na Kigamboni, tunarudi jua limetubabua na nyumbani tunachekwa. Safari hii tumeazimia kwenda kwenyewe, kwenye maji marefu: jodari, nguru, falusi, na Mungu akijalia sulisuli mmoja wa kupiga naye picha.

Bajeti ni laki mbili kwa kila mtu, yaani milioni moja kwa watano. Wiki mbili nazunguka mtandaoni na bei zinanivuruga kichwa. Mmoja kanitajia dola 450 nusu siku kutokea Nungwi, kaskazini ya Unguja. Mwingine dola 900 siku nzima. Halafu juzi, kupitia rafiki wa rafiki, nikampata jamaa wa hapahapa Dar: laki tano boti nzima, tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, tunakwenda kisiwa cha Fungu Mbaraka, tunarudi jioni. Laki tano! Laki moja kwa kichwa. Wenzangu wamechachamaa nitume kianzio leo hii.

Roho yangu inasita. Waliokwenda naomba muongozo kabla sijabonyeza kutuma.

#2 MbishiHalisi

Laki mbili ukienda nayo Feri, soko la samaki, saa kumi na mbili asubuhi unarudi na jodari, pweza, na nauli ya bodaboda inabaki. Acheni kujitesa.

#3 Kijana wa Tabata

Mkuu, nikitaka samaki najua Feri ilipo. Mimi nataka kusikia rili, kile kigurudumu cha mshipi, ikilia.

#4 Fundi Mashine

Kijana, hiyo pesa ishikilie kwanza. Njoo tupige hesabu, maana mimi hizi mashine nazitengeneza hapa Mbezi na najua zinavyokunywa.

Fungu Mbaraka iko kilomita 60 na zaidi kutoka Dar, tuchukue 60. Kwenda na kurudi 120, sawa na maili 65 za baharini. Chukua boti ya kawaida ya faiba, futi 24 au 25, mashine mbili za nguvu farasi 75, tena zile za stroki nne zinazobana matumizi. Ikikimbia maili 20 kwa saa, zote mbili zinameza kama lita 37 kwa saa. Njia peke yake ni saa tatu na robo: lita 120. Na mkishafika hamjafika kulala, ndiyo kwanza mnaanza kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya boti, mwendo wa maili saba hivi kwa saa, na hapo weka lita 14 kwa saa. Mkivua saa nne, lita 56. Jumla 176. Petroli tuiweke 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi.

528,000.

Mafuta peke yake yameshapita laki tano. Hapo hajalipwa nahodha, hajalipwa baharia, hakuna chambo, hakuna barafu, hakuna oili, na hakuna mafuta ya akiba. Sasa jiulize huyo ndugu anawapenda kiasi gani mpaka aongezee ya mfukoni mwake.

Ama Fungu Mbaraka hafiki, atawazungusha nyuma ya kisiwa cha Mbudya mpaka mchoke mseme turudi. Na Mbudya ni hifadhi ya bahari, kuvua hakuruhusiwi, sawa na Bongoyo. Ama anafika, lakini kwa mashine moja ya zamani na dumu mbili za mafuta huku anaomba dua.

#5 kaskazi_07

Hilo la mashine moja mimi nimelionja, na sitaki mtu mwingine alionje.

Miaka mitatu iliyopita tulikodi chombo cha bei ya kutupa. Jina la mwenyewe nalihifadhi. Tulikuwa saba na jaketi za kuokolea zilikuwa tatu. Nilihesabu tukiwa bado ufukweni nikanyamaza, maana nani anataka kuonekana mwoga mbele ya washkaji? Saa tano asubuhi mashine ikakohoa, ikazima. Nahodha akaifungua, akapuliza mrija wa mafuta kwa mdomo, akavuta kamba, akavuta, akavuta. Ukimya ule sijausahau. Boti isiyo na mashine hailii, inasikika tu maji yakipiga ubavuni, pa, pa, pa.

Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na sisi tukawa tunakwenda nao. Redio hakuna. Simu hazina mtandao. Tulikunywa maji kwa zamu ya kifuniko cha chupa. Saa kumi jioni wavuvi wa jarife, wale wa nyavu kubwa, wakatuona, wakatufunga kamba. Tuligusa mchanga saa tatu usiku, na wale wavuvi tuliwalipa zaidi ya tulichomlipa mwenye boti.

Mashine mbili, kijana. Na nikisema mbili simaanishi moja na ya pili "iko kwa fundi".

#6 Fundi Mashine

@kaskazi_07 na hiyo ya pili nyingi ziko kwangu kweli, miezi minne sasa wenyewe hawajaja kuzilipia.

#7 Mzee wa Chombo

Assalaam alaykum. Mie naendesha chombo cha kuvulia huku Nungwi. Jina la kampuni sitaji, nisije nikaambiwa nimekuja kutafuta wateja.

Hesabu ya Fundi ni sahihi, lakini yeye kaisema ya mafuta, mie niiseme ya maji. Nyie watu wa Dar mnanunua siku. Siku haivui samaki. Kinachovua ni saa ambazo mshipi uko majini, penye maji marefu. Hizo ndizo unazozilipia, mengine yote ni nauli.

Tizama. Baina yenu na Unguja maji ni mafupi, mita arobaini, hamsini. Unguja imekaa kwenye kitako kimoja na bara. Pemba siyo, Pemba imesimama peke yake, na baina yake na bara kuna shimo la mita 800 na kuendelea. Sasa chombo kikitoka Nungwi kikaelekea kaskazini, baada ya muda mfupi maji yanageuka rangi, yanakuwa ile buluu iliyoiva hadi inakaribia weusi. Hapo pana samaki wenu. Nyie mkitoka Msasani mna saa moja na nusu ya kutazama maji ya kijani kabla hamjatupa hata chambo kimoja, na jioni mna saa moja na nusu nyengine.

Kwa hiyo nusu siku ya Nungwi, saa tano, inawapa saa nne za kuvua. Siku nzima ya Fungu Mbaraka kwa hesabu ya Fundi inawapa saa nne hizohizo. Kipi rahisi?

Simtukani Fungu Mbaraka. Kile kisiwa kina samaki wa ajabu, na ndege wanaotaga pale ukiwaona wanajitupa majini unajua chini kuna karamu. Lakini ile ni safari ya mtu mwenye boti yake au mwenye pesa ya kuchezea.

#8 Kijana wa Tabata

Mzee wangu shikamoo. Hii ya "siku haivui samaki" naiandika ukutani ofisini. Sasa mwezi gani? Na dola 450 inashuka au ndiyo bei ya Mungu?

#9 Mzee wa Chombo

Marahaba mwanangu.

Juni na Julai msije. Kusi, upepo wa kusini, limesimama, mtalipa pesa mwende mkatapike. Aprili na Mei ni masika, wengi tunapandisha vyombo nchi kavu tunavipaka rangi. Kusi likishakufa, kuanzia mwisho wa Septemba mpaka Novemba, kabla kaskazi, upepo wa kaskazini, haijashika sawasawa, bahari hulala. Jodari wa mapezi ya manjano wameanza tangu Agosti. Falusi wapo. Sulisuli huingia kwa wingi kaskazi ikianza, na wale wakubwa wenye pua nene, nduaro, wanatafutwa zaidi mwisho wa mwaka hadi Machi.

Bei hushuka. Krismasi hadi katikati ya Januari wageni wamejaa, mwenye boti hana haja na wewe. Njooni Oktoba, siku ya Jumatano au Alhamisi, muwaambie: sisi watano, tunalipa taslimu kwa shilingi, hatutaki kuchukuliwa hotelini, chakula chetu tunacho. Mule ndani ya dola 450 mna gari, mna sandwichi, mna bia, mna na mtu wa mtandaoni aliyekuletea mteja anayechukua fungu lake. Vitoe vyote hivyo. Mpigie mwenye chombo mwenyewe.

#10 Bint Chwaka

Naona wanaume mmejaza uzi na mashine. Niongeze mambo mawili ambayo hakuna tangazo litakalowaambia.

Choo. Ulizeni kama boti ina choo. Nilikwenda na shemeji zangu wawili, nusu siku, boti nzuri ya kung'aa, kufika katikati ndiyo tunagundua choo ni bahari. Wanaume waligeukia upande mmoja wakamaliza. Sisi tulikaa saa tano tumebana, hatunywi maji, jua la utosi. Samaki aliponasa hata sikusimama.

La pili ni tumbo. Mimi ni mfamasia, kwa hiyo hili nalisema kwa uhakika: vidonge vya kichefuchefu cha safari vinamezwa saa moja kabla ya kupanda, sio ukishaanza kugeuka kijani. Ukisubiri mpaka utapike kidonge nacho kinatoka. Vingi vinaleta usingizi, kwa hiyo ulizia duka la dawa kile kisicholaza sana, na mwenye ugonjwa wowote au mjamzito aulize kwanza. Usiku wa kuamkia safari pombe hapana. Asubuhi kula kitu kikavu, mkate au viazi, sio supu ya utumbo. Ukiwa chomboni tazama upeo wa macho, usiiname kwenye simu. Na moshi wa mashine ukaye nao mbali, ndio unaomaliza watu.

#11 MbishiHalisi

Swali la msingi hamjauliza. Samaki ni wa nani?

#12 Mzee wa Chombo

Hapo umeuliza la maana, yakhe.

Boti nyingi, hapa na hata Kenya, samaki ni wa chombo. Mgeni anapewa kitoweo cha jioni, wa kutosha kula yeye na wenzake, waliobaki nahodha anauza. Hiyo imo ndani ya bei. Mwenye boti anapokwambia bei ya chini tayari keshapigia hesabu jodari wako.

#13 MbishiHalisi

Yaani nimlipe mtu laki mbili, nimvulie samaki wake, halafu anigawie mkia?

#14 Mzee wa Chombo

Ndiyo. Na ukitaka wote, sema mapema, ataongeza bei. Ubaya ni kunyamaza ufukweni halafu kugombana gatini samaki wameshalala kwenye barafu. Nimeona wazungu wanalia kwa ajili ya nguru.

#15 Mkilifi

Hamjambo ndugu wa kusini. Nimeupitia huu uzi wote, wacha niwaambie ya upande wetu wa Kenya.

Watamu na Malindi ndiko kwenye mchezo huu tangu zamani, Hemingway mwenyewe, yule mwandishi wa Marekani, alivua Malindi mwaka 1934. Boti ziko nyingi, manahodha ni watoto wa hapa waliorithi kazi kwa baba zao, na redio hakuna atakayetoka bila. Lakini jueni jambo moja: sulisuli na nduaro huku twamfunga alama begani, twamwandika, twamwachia aende. Kuna mradi wa alama hizo hapa Watamu, na samaki aliyefungwa alama huku mtu humpata tena mbali ajabu. Kwa hiyo yule wa kupiga naye picha mtampiga picha akiwa majini ubavuni mwa boti, dakika moja, basi. Jodari, nguru na falusi hao ni wa kula.

Mtu wa Dar kuja Watamu basi, mpaka, hoteli, si rahisi tena. Ila wewe wa Tanga unayesoma kimyakimya, Shimoni ni hapo tu ukishavuka mpaka wa Horohoro, na mbele yake ndilo hilo shimo la Pemba analolisema Mzee. Mchunge tu Kisite, mle ni hifadhi.

Njia ya rahisi huku ni kusubiri boti iliyokwisha kukodiwa na watu wawili au watatu wenye kutafuta wa kugawana nao. Wahitaji tu uwe hapa, na usiwe na haraka.

#16 Wakili wa Mchongo

Samahani kwa kuingilia. Kisheria hapa Tanzania "bahari kuu" ni ukanda wa uchumi, kuanzia maili 12 za baharini hadi 200, na una mamlaka yake yenye makao makuu Fumba, Zanzibar. Hivyo wadau hawa, kwa maelezo ya Mzee wa Chombo, kuna uwezekano mkubwa wasivue bahari kuu kabisa. Watavua ndani ya bahari ya taifa.

#17 MbishiHalisi

Na samaki wamesomewa hiyo sheria?

#18 Kijana wa Tabata

Hahaha jamani. Sasa someni hii. Nimemrudia yule ndugu wa laki tano, nanukuu mazungumzo kama yalivyo:

Mimi: Boti ina mashine ngapi?
Yeye: Mashine ipo kaka usijali
Mimi: Ngapi?
Yeye: Ni kubwa
Mimi: Jaketi za kuokolea ziko za watu wote?
Yeye: Wateja wangu wote wanajua kuogelea
Mimi: Redio?
Yeye: Ipo na bluetooth

Hapo ndipo nilipoacha.

#19 kaskazi_07

"Ipo na bluetooth" nimecheka mpaka bosi amechungulia.

Redio anayotakiwa kuwa nayo ni VHF, ile ya kuita vyombo vingine, na chaneli ya dharura ni ya 16. Mwulize nahodha yeyote "dharura unaita chaneli ngapi". Akisita, shukeni.

#20 Fundi Mashine

Kabla hujalipa popote, mwambie mwenye boti akupigie video ya leo, siyo picha za mtandaoni: awashe mashine zote mbili, maji yatoke kwenye mirija yake kwa nguvu, aonyeshe jaketi zikiwa zimepangwa chini, avute nailoni kwenye rili. Rili iliyooza kwa chumvi inasikika, inakwaruza kama mlango wa stoo. Kwa kuvuta jodari wa kilo kumi na kitu huhitaji vifaa vya mamilioni, unahitaji rili ambayo breki yake haikamati ghafla. Nailoni ikatike kwa nguvu ya samaki, isikatike kwa kutu.

Pili, kianzio. Usizidishe robo ya bei. Na muandikiane, hata kwa meseji: nahodha akisema bahari imechafuka hatutoki, pesa inarudi au siku inahamishwa. Hili ndilo linalowafanya manahodha wengine watoke siku mbaya, wameshakula kianzio na hawana cha kurudisha.

#21 kaskazi_07

Na utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, mwangalie siku mbili kabla na usiku wa kuamkia. Wakisema upepo mkali na mawimbi yanayofikia mita mbili, lala. Kwenye boti ya futi 25, mita mbili ni ghorofa.

#22 Bint Chwaka

Mzee, nusu siku ya asubuhi au ya mchana?

#23 Mzee wa Chombo

Asubuhi. Saa kumi na mbili mmeshatoka. Upepo huamka na jua, mchana bahari inakuwa na vinyoya vyeupe na tumbo zenu ndizo mnazijua wenyewe.

#24 Kijana wa Tabata

MREJESHO. Kaeni vizuri, ni mrefu.

Tumekwenda Alhamisi, wiki ya mwisho ya Oktoba. Nilipiga simu nne, nikauliza maswali yenu yote. Mmoja akakata simu nilipotaja video. Wa tatu akacheka, akasema "huyo aliyekufundisha ni mtu wa bahari", dakika kumi video ikaingia. Bei yake ya kwanza ilikuwa dola 430. Tukatoa gari, tukatoa chakula, tukatoa bia, siku ya kazi, taslimu. Tukamalizana 950,000 kwa saa tano, samaki tunagawana nusu kwa nusu kwa uzito. Yote kwenye meseji. Kianzio laki mbili.

Tulivuka na boti ya Azam Jumatano mchana, tukapanda daladala ya 116 hadi Nungwi, tukalala watano vyumba viwili.

Saa kumi na mbili kasoro tuko majini hadi mapajani tunapanda. Mashine mbili, nimezigusa kwa mkono wangu. Jaketi tisa, nimehesabu, @kaskazi_07. Nikamwuliza nahodha chaneli ya dharura, akanijibu kumi na sita bila hata kugeuza shingo. Choo kipo, kidogo kama kabati, mlango unafungwa kwa kamba, lakini kipo.

Mzee wa Chombo, ile rangi ya maji nimeiona. Sikuamini kwamba ni mstari. Upande huu maji ya kawaida, unapita kama unavuka barabara, upande ule wino. Nahodha akapunguza mwendo, baharia akatoa mishipi mitano, chambo vya bandia vya ngisi wa plastiki, viwili vya waridi, kimoja cha kijani, viwili vyeusi na zambarau. Halafu ukimya. Dakika arobaini hakuna kitu. Mwenzetu mmoja, mhasibu, akaanza kugawanya 950,000 kwa dakika 300 kwa sauti. Alipofika "elfu tatu na mia moja sitini na saba kila dakika" nikamwomba anyamaze.

Kisha baharia akanyoosha kidole. Ndege. Nahodha hakusema neno, akakata kona kuwazunguka, asipite katikati yao. Rili ya kulia ikapasuka: krrrrrrrrr. Nyingine ikafuata. Wote watano tukasimama kwa pamoja na boti ikainama, tukagombewa kama watoto wa chekechea.

Jodari hapigani kwa fujo. Anakwenda chini tu. Anashuka kama jiwe lenye roho, na wewe unamrudisha nusu mita, anachukua mita tatu. Dakika ishirini na tano nilikuwa na mkanda kiunoni, mkono wa kushoto umekufa ganzi, jasho limeingia machoni na hakuna wa kunipangusa. Kilo 14. Mwenzangu wa rili ya pili alikuwa amebakiza kama mita kumi, mshipi ukawa mzito ghafla, halafu mwepesi. Akavuta kichwa. Kichwa tu, kimekatwa kama kwa msumeno, macho bado mazima. Papa. Baharia akakitupa kwenye ndoo akasema "ushuru".

Baadaye falusi wawili. Hakuna aliyeniambia kuhusu rangi ya falusi. Anapanda chomboni ni dhahabu na kijani, na madoa ya buluu yanayotembea mwilini, naapa yanatembea, na hapohapo mbele ya macho yako anazimika, anakuwa kijivu kama sahani ya bati. Mhasibu aliacha kuhesabu. Alikaa amemtazama.

Sulisuli tumemwona. Alitokea nyuma ya chambo cha kijani, pua kwanza, akakipiga piga, akanasa, akaruka mara mbili pezi limefunguka kama tanga, na mara ya pili akatema ndoana mbele yetu sote. Jumla ya onyesho, sekunde nane. Picha hakuna, aliyeshika simu alipiga mawingu.

Mimi nilitapika. Nilimeza kidonge saa moja kabla kama alivyosema Bint Chwaka, nikaona niko salama, nikainama kwenye simu kusoma ujumbe wa ofisini. Dakika mbili. Wenzangu wanne walikuwa wazima kabisa.

Hesabu: boti 190,000 kwa mtu. Nauli za kwenda na kurudi, kulala, kula na daladala zikapeleka jumla kwenye laki tatu na kumi. Bajeti ya laki mbili imevunjika, nakiri, boti peke yake ndiyo iliyoingia humo. Anayeishi Unguja ataifanya kwa laki mbili bila wasiwasi. Samaki: nahodha alichukua nusu ya jodari na falusi mmoja, sisi tukala kilichobaki pale Nungwi, mama mmoja alitupikia kwa nazi, na kipande kimekuja Tabata kwenye barafu. Nyumbani hawajacheka.

Kosa letu: tulikuwa watano na rili zinazonasa kwa pamoja ni mbili tatu. Hatukupanga zamu. Pigeni kura ufukweni nani wa kwanza, nani wa pili. Mwenzetu mmoja alirudi hajashika samaki hata mmoja, na njiani kwenye daladala hakuongea na mtu hadi Mahonda.

#25 Mzee wa Chombo

Umesimulia vizuri. Lile la kuzunguka ndege bila kupita katikati, wengi hawalijui, wanawatawanya samaki. Nahodha wako ni mtu. Nahisi namjua.

#26 Wakili wa Mchongo

Mlikuwa maili ngapi kutoka nchi kavu?

#27 Kijana wa Tabata

Sikuuliza mkuu. Nilikuwa natapika.

#28 MbishiHalisi

Feri hiyo nusu ya jodari ningeipata kwa bei ya chakula cha mchana.

Mwezi wa kwanza mnarudi? Huyo aliyekaa hajashika samaki akikataa, nafasi yake ninaiomba.

#29 Mzee wa Chombo

Januari bei siyo ile. Njooni Februari, katikati ya wiki. Na huyo mbishi aje na vidonge vyake.